Mpini Uliokataa Gundi

Kazi haikuwahi kumchosha Bi Uzi. Kilichomchosha ni ushauri. Mtu akishagundisha kandambili yake mara moja, ikashika mpaka akafika nayo sokoni, basi tangu siku hiyo ni mtaalamu wa gundi, na akipita mbele ya dirisha la Bi Uzi akamwona ameinamia ngozi, lazima asimame atoe hotuba. Muuza maji ana maoni yake. Jirani anayeuza vitambaa ana maoni yake. Hata mtu aliyekuja kuulizia njia, akishaonyeshwa njia, anaona amlipe fundi kwa kumfundisha kazi. Wiki ile ya habari hii, maoni ya watu yalikuwa yamemfika kooni.

Mwenyewe alikuwa fundi wa ngozi, mnene wa mikono, mwembamba wa subira. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: meza moja ndefu chini ya dirisha la barabarani, ngozi zimekunjwa rafuni kufuata rangi, na harufu ambayo wageni waliikunjia pua na yeye hakuisikia tena. Alishona mikanda na mikoba, alitia viraka, lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa ya kuvalisha mipini: visu vya wachinjaji, nyundo, fimbo, chochote chenye mti wa kushikwa. Walimwita Bi Uzi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha uzi kimening'inia mdomoni. Mumewe alikuwa seremala, akifanyia kazi uani chini ya bati, naye walimwita Msasa, maana hakuna ubao uliowahi kumtosha kwa ulaini. Mume alichonga mpini, mke akauvalisha. Ndivyo walivyoishi miaka yote, wakigombana kwa adabu kupitia mlango wa nyuma.

Wa tatu ndani ya nyumba, na ndiye aliyeleta balaa lote hili, alikuwa kaka yake Bi Uzi, fundi mwashi. Wenzake kazini walimpa jina la Timazi, ile kamba yenye uzito chini ambayo waashi huitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Alistahili jina lake. Kitu kikipinda mbele yake, chakula hakishuki. Mwaka ule alipatwa na kiharusi kidogo, upande wa kulia ukalala, kisha polepole ukaamka, wote isipokuwa vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kazi, ambavyo vilibaki na ganzi. Mhudumu wa mazoezi ya viungo hospitalini alimwambia nguvu ipo, kilichopotea ni hisia tu, na mkono utafanya kazi ukiaminiwa. Timazi hakumwamini yeye wala mkono. Kwa kuwa alikuwa mjane na wanawe wako mbali, dada yake akamchukua, akampa kitanda cha chumba cha kati na kiti kando ya dirisha la karakana. Naye kwa shukrani akawaambia kwamba ukuta wa karakana yao umelala.

Aliwaambia siku ya kwanza. Aliwaambia siku ya pili. Aliwaambia kila asubuhi kabla ya chai, akifumba jicho moja na kunyoosha kidole gumba hewani, kwamba umelala upande wa kushoto, tena ni ajabu haujawaangukia. Ukuta ule ulijengwa na Msasa mwenyewe wakati wanahamia, kwa hiyo kila asubuhi Msasa alichukua kikombe chake akaenda kunywea uani.

Timazi alijaribu kurudi kazini mapema mno. Akiwa juu ya jukwaa, mwiko ukamchoropoka mkononi na yeye asijue. Aliendelea kupaka lipu kwa mkono mtupu mpaka aliposikia watu wanapiga kelele chini. Mwiko ulikuwa umejichomeka kwenye rundo la mchanga, kando kabisa ya mguu wa mama mmoja aliyekuwa anachota maji. Hakuna aliyeumia. Lakini msimamizi wa kazi alimshusha palepale, akaongea naye kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma. Alimwambia akapumzike kwanza, kisha arudi Jumatatu fulani, apande jukwaani mbele yake, apake ukuta mmoja. Mwiko ukikaa mkononi, kazi ni yake. Ukidondoka, abaki nyumbani moja kwa moja, nafasi apewe mwingine.

Na nyumbani maana yake ni kwa Bi Uzi, kwenye kile kiti, mbele ya ule ukuta.

Tusimsingizie mwanamke wa watu. Alimpenda kaka yake. Ndiye aliyempigania kwa baba yao, zamani, mtoto wa kike aruhusiwe kushika sindano ya ngozi badala ya kuishia kufagia vipande chini ya meza. Bi Uzi alijua vilevile kwamba mwashi huyu akiondolewa kwenye kuta atanyauka, atakuwa mtu wa kuhesabu wapita njia. Lakini alijua pia kwamba yeye mwenyewe, akikaa na Timazi kutwa nzima mwaka mzima, ataishia kufungwa jela. Kwa hiyo alipoahidi kumtengenezea mwiko usiomtoka mkononi, aliahidi kwa moyo wake wote.

Mpango ulikuwa mwepesi. Msasa achonge mpini mpya, mnene kidogo kuliko wa zamani, mkono upate pa kujaa. Bi Uzi auvalishe ngozi, maana ngozi haitelezi kwa jasho kama mti mtupu. Kwa kawaida ngozi ya mpini huwa anaishona, na uzi ndio unaoshika. Gundi kazi yake ni kuituliza tu wakati sindano inapita. Lakini mshono ni tuta. Mwenye vidole vizima akisuguliwa na tuta anahisi, anageuza mkono. Vidole vyenye ganzi vingesuguliwa mpaka vitoke kidonda na mwenyewe asijue. Kwa hiyo safari hii hakutaka mshono. Alitaka kuzichuna kingo za ngozi kwa kisu mpaka ziwe nyembamba kabisa, moja ilalie nyingine bila kuacha kilima, na gundi peke yake ishike. Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Alianza na gundi nyeupe ya maseremala kwa sababu ilikuwepo. Inakauka polepole, inakupa nafasi ya kuisogeza ngozi, tena inaelewana na mti. Akailoweka ngozi kidogo, akaivuta juu ya mpini, akaifunga kamba toka juu mpaka chini, akaiacha hadi kesho yake. Kamba ilipofunguliwa, ngozi nayo ikafunguka taratibu, bila hata aibu. Gundi ilikuwa imekauka juu ya mti kama utando wa maziwa, unaichuna kwa kidole. Timazi, kwenye kiti chake, akasema nyeupe ni gundi ya watoto wa shule.

Akahamia gundi ya viatu, ile ya njano yenye harufu ya kulewesha. Hii unapaka pande zote mbili, kwenye mti na kwenye ngozi, unasubiri mpaka isinate kidoleni, halafu unabandika, na ukishabandika umebandika. Alifungua dirisha, akajifunga kitambaa puani, akabandika bila kutetemeka. Ikashika. Alikula chakula cha jioni akiwa na furaha, akacheka hata vichekesho vya mumewe. Asubuhi ukingo ulikuwa umenyanyuka. Kufika mchana ngozi yote ilikuwa inazunguka kwenye mpini kama soksi ya kuazima.

Mwenye duka la vifaa alimwapia kwamba gundi ni nzima, kasoro ni ya fundi, kisha akamuuzia gundi ya haraka, ile ya kichupa kidogo. Hiyo ilikausha ngozi ikawa ngumu kama sahani, ikamgundisha Bi Uzi kidole gumba na mkasi, na mpini ikauacha huru. Jirani wa vitambaa alisema bibi yake alitumia sherisi, gundi ya kuchemshwa jikoni, na kwamba vitu vya sasa vyote ni maji. Muuza maji akashauri uji mzito. Mteja mmoja aliyeleta mkoba utiwe zipu alishauri, kwa sauti ya upole, kwamba katika kazi za mikono ni vizuri kutokuwa na haraka. Huyo aliambiwa mkoba wake utakuwa tayari mwezi ujao.

Kila gundi iliposhindwa, Bi Uzi aliukwangua mpini kwa kisu mpaka ukabaki mweupe, akauweka kwenye dirisha la uani upate hewa, kisha akaenda kutafuta gundi nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Ila siku moja alisahau miwani, akarudi uani ghafla kuifuata. Akamkuta Msasa amekaa kwenye kigoda, anapiga mluzi, mpini umelala pajani pake, na anausugua kwa kitambaa.

Bi Uzi alimuuliza anafanya nini.

"Naulisha mti mafuta," akasema Msasa. "Umeukwangua mpaka una kiu, mke wangu. Nani anaacha mti hivi?"

"Toka lini unaulisha?"

"Kila siku, tangu nilipouchonga. Kwani ulidhani unajilainisha wenyewe?"

Sasa, gundi haishiki juu ya mafuta. Hilo hata bingwa wa kandambili analijua. Msasa naye alilijua, na ungemwamsha usingizini ukamuuliza angekujibu vizuri. Lakini maisha yake yote alitengeneza milango na viti, na mlango haumalizwi mpaka unywe mafuta. Akiona mti mkavu, mkono wake unakifuata kitambaa bila kumuuliza mwenyewe. Gundi haikuwa imekosa kitu. Zote, ile nyeupe, ile ya njano, mpaka ile ya kichupa iliyomtoa ngozi ya kidole, zilikuwa zimebandikwa juu ya mti uliolishwa ukashiba. Bi Uzi alisema maneno ambayo hayaandikiki hapa. Alisema pia yale yanayoandikika, kwa mfano kwamba ukuta umelala kweli, na kwamba tangu siku ya kwanza alijua umelala. Msasa aliinamisha kichwa. Alichonga mpini mpya siku hiyohiyo, kutoka kipande cha mti kisichojua mafuta, akaja kuukabidhi mlangoni akiwa ameushika kwa ncha za vidole.

Bi Uzi akarudia gundi ya njano. Aliuparuza mti kwa msasa mkavu upate meno, akaiparuza ngozi upande wa ndani, akapaka, akasubiri, akabandika, akaigonga taratibu kwa nyundo ya mti mwili mzima. Kesho yake akaing'ang'ania kwa koleo na haikusogea. Basi akampa kaka yake mwiko, akamwambia ashinde nao mkononi ili auzoee, maana Jumatatu inabisha hodi. Timazi aliupokea bila neno, jambo ambalo lingepaswa kumtia dada yake wasiwasi.

Timazi alipoamka kutoka usingizi wa mchana, ukingo ulikuwa umeachia.

"Gundi yako imekataa tena," alisema Timazi, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Bi Uzi alikwenda moja kwa moja uani kumshika mumewe. Msasa aliapa kwa randa yake, kwa msumeno wake na kwa mama yake mzazi kwamba hajaugusa. Hakuna aliyemwamini, lakini hakukuwa na muda wa kesi. Bi Uzi akajaribu gundi ya machupa mawili, ile unayochanganya kwa kijiti na inayogeuka jiwe, ingawa haipendi kwa sababu haipindi na ngozi inataka kupinda. Ikawa jiwe kweli. Akampa kaka yake mwiko. Kesho yake mchana ngozi ilikuwa imebanduka nusu nzima, na Timazi anatikisa kichwa kuusikitikia ufundi wa siku hizi.

Hapo Bi Uzi alikaa chini. Hakutukana mtu. Aliuchukua mpini akausogeza dirishani kwenye mwanga, akavaa miwani, akautazama jinsi ambavyo angepaswa kuutazama tangu mwanzo. Zile siku za mafuta, ngozi ilitoka safi na mti ukabaki mtupu, kila mmoja na njia yake. Safari hii mti ulikuwa umeota manyoya. Nyuzinyuzi za ngozi zilibaki zimeganda juu yake, zimechanika, kwa sababu gundi ilikataa kuachia na ngozi ndiyo iliyopasuka tumboni. Gundi ilikuwa imefanya kazi yake yote. Mtu ndiye aliyevuta. Na kwenye ukingo, mahali alipochuna ngozi ikawa nyembamba, palikuwa na vialama vidogo vya mviringo, vya kucha, vyote vimeegemea upande mmoja, upande wa mtu anayebandua kwa mkono wa kushoto. Katika nyumba ile mtu mwenye mkono wa kushoto usio na kazi na mchana mzima wa kukaa nao alikuwa mmoja tu.

Damu ilimpanda kichwani. Alifikiria gundi yote ile, kidole chake, mumewe aliyeapa kwa mama yake, mteja wa mkoba. Akainuka kwenda chumba cha kati kumwaga yote. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Timazi alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka, na mkono wake wa kulia ameulaza pajani, kiganja juu. Alikuwa anauangalia kwa jicho lile analotumia kuangalia ukuta asiouamini. Alijaribu kukunja vidole, akaacha. Hakuona kwamba anaonwa.

Bi Uzi akarudi mezani kwake. Hasira haikumtoka, na wala hakutaka imtoke, ila sasa alijua aipeleke wapi.

Jumamosi asubuhi alichagua ngozi nyingine, nene, ya rangi yake ya asili, isiyotiwa mafuta wala rangi, ile ambayo ikilowa inakubali umbo lolote unaloipa na ikikauka inalishika. Aliiloweka kwenye beseni mpaka ikalegea. Akamkalisha kaka yake kwenye kiti chake cha dirishani, akaja na kikopo chenye mfuniko na brashi, akaupaka mpini mbele ya macho yake, akaizungusha ngozi juu yake, kisha akamwambia aushike. Alimweleza kwamba hii ni gundi mpya. Haitaki kufungwa kamba wala kukandamizwa kwa jiwe. Inataka kubanwa na mkono wa mwenye mpini, mkono uleule wa kazi, toka inapopakwa mpaka inapokauka, na ukiachia hata kujikuna pua, imeharibika, na ndiyo iliyobaki, na kesho ni Jumapili.

Timazi alileta ubishi kama kawaida yake. Alisema hajawahi kusikia gundi ya namna hiyo. Alisema kamba ingebana vizuri zaidi. Dada yake akamwambia kamba haina kiganja. Akasema basi atumie wa kushoto. Akaambiwa aende basi akapake lipu kwa kushoto. Akashika.

Akashika, na akawa hashikiki. Alilalamika kwamba ngozi ni baridi. Alilalamika kwamba gari lililosimama nje limepanda ukingo wa barabara. Chai ikaletwa akainywa kwa kushoto, nusu ikaishia kwenye shati, akamlaumu aliyetengeneza kikombe. Kuhusu ukuta alisema yote aliyokuwa amekwisha kuyasema, akaongeza na habari za msingi, ambazo alikuwa hajazigusa bado. Msasa alichungulia mara moja, akaona hali ya hewa, akarudi kwenye mbao zake. Bi Uzi alishona mkanda wa mteja, akaitikia pale ilipobidi, na kila alipovuta uzi alimtupia jicho yule aliyeshika. Mwiko ulikuwa umesimama gotini pa Timazi, chuma chake juu, hautikisiki.

Jua lilipogeuka upande wa pili wa nyumba, maneno yakamwishia. Halafu akasema, akiwa ameangalia barabarani:

"Zile mbili za mwisho nilizibandua mimi."

"Najua."

"Unajua na umenyamaza?"

"Ningefungua mdomo, kaka, leo ungekuwa unalala kwa jirani."

Timazi alikubali kwamba ni kweli. Akaangalia nje tena, na alipoendelea sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye dada yake hakuwa amewahi kukutana naye.

"Ikishika, Jumatatu lazima nipande. Na ukinidondoka tena juu kule, nitamlaumu nani? Sasa hivi angalau kosa ni la gundi."

Bi Uzi aliyameza majibu yote aliyokuwa ameyaandaa tangu jana. Alimaliza mshono wa mkanda. Akakata uzi. Akaja akapapasa ngozi kati ya vidole vya kaka yake, ilikuwa imekauka na kukaza, akamwambia afungue mkono.

Vidole vilikuwa vimekakamaa, vikafunguka kimoja kimoja kwa shida. Ngozi ikabaki juu ya mpini kwa kitambo kidogo, kisha ikajikunjua, ikateleza, ikaanguka sakafuni. Mti ukabaki mtupu.

"Imekataa," alisema Timazi. Mara hii hakuna pole iliyokuwamo. Alikuwa ameumia kweli. Kutwa nzima, bila kumwambia mtu, alikuwa ametamani ishike.

"Haikukataa," akasema dada yake. "Sikuweka gundi."

"Nimekuona unapaka."

"Maji. Umeona napaka maji, na mkono ulio juu ya ngozi hauwezi kukwambia kama chini yake pananata au hapanati. Toka asubuhi hakuna kilichoishika hiyo ngozi isipokuwa wewe."

Aliiokota, akaitandika mezani chini ya dirisha, upande wa juu ukiwa juu. Ilikuwa imekauka na mkono mzima ndani yake. Palikuwa na bonde la kidole gumba, bonde pana la kiganja, kidole cha shahada, cha kati, na pembeni yake, vimezama kina kilekile, vile viwili vya mwisho. Bi Uzi akatia ncha za vidole vyake mwenyewe ndani ya mabonde hayo mawili, akavizungusha humo.

"Hivi ndivyo vidole ulivyoniambia vimekufa," alisema. Kisha, kwa sababu asingeweza kukaa kwenye jambo kama hilo kwa muda mrefu bila kulia, akarudi kwenye kazi. Alimwonyesha ukanda mwembamba kati ya kiganja na ncha za vidole, ambao haukuwa na alama yoyote, mahali ambapo mkono wake haugusi kabisa. Mshono ungepita hapo. Hakuna kidole kitakachosuguliwa, na hakuna kucha itakayoubandua, labda mtu alete kisu. Angetia gundi kidogo chini yake, ya njano, kwa heshima tu.

Timazi aliitazama ngozi kwa muda mrefu. Alipeleka kidole cha kushoto akapapasa bonde la mwisho, lile dogo, akarudia tena. Kisha akauinua mwiko kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mbele, akafumba jicho moja kama anapima, na ncha yake ikasimama pale alipoielekeza.

"Shona basi," alisema. "Na Jumatatu nikishuka jukwaani nitapitia saruji. Huu ukuta hauwezi kuendelea hivi."

Bi Uzi akauweka uzi mdomoni ili asimjibu.